Vidonge vya Jumapili

Haraka haraka haina baraka, husema watu waliokwisha kula wakashiba. Katika nyumba ile ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sare, baraka zote zilikuja mbio. Unga ulikuja mbio, kodi ililipwa mbio, na ada ya binti mkubwa katika chuo cha uuguzi ilikwenda mbio muhula hadi muhula, kwa sababu mama wa nyumba hiyo alikuwa na mikono isiyojua kutulia. Kiwandani walimpachika jina la Chapuchapu. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliwaambia wenzake kwamba yeye hakuoa mke, alioa mashine ambayo mpaka leo hajajua swichi yake iko wapi.

Ndiyo maana siku Chapuchapu alipoanza kupona, nyumba nzima iliugua.

Alianza kupona kabla hata hajakubali kwamba alikuwa mgonjwa. Alikwenda hospitali kwa ajili ya macho, kwa kuwa yalikuwa yamemtoka kama ya mtu anayeona moto, akajikuta anapapaswa shingo. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya uchovu, alimweleza kwamba kuna tezi hapo mbele ya koo, na yake ilikuwa imepandwa na wazimu, inamwaga homoni kupita kiasi. Ndiyo sababu moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi. Ndiyo sababu anakula kama mchimba mtaro na bado ni mwembamba kama uzi. Ndiyo sababu jasho, ndiyo sababu mikono hutetemeka isiposhika kitambaa, ndiyo sababu usingizi umemkimbia. Chapuchapu alijitetea kwamba yeye ni mtu wa bidii tu, tangu utotoni.

"Hii si bidii, mama," daktari alisema. "Ni ugonjwa."

Neno lile lilimkata maini kuliko sindano ya kutoa damu. Hata hivyo alipokea vidonge vya kabimazoli, vitatu kila asubuhi, kila siku ya Mungu, mwaka mzima na zaidi. Daktari alimwonya kwamba dawa hii ni kama kuziba tundu la paa kwa kiganja: ukiondoa mkono, mvua iko palepale inakungoja.

*

Vidonge vilipomkolea, meza ya kola ilianza kufurika.

Pale kiwandani kila mwanamke alishona kipande chake. Huyu mifuko, yule mikono, mwingine pindo. Chapuchapu alikaa meza ya kola, na kola ndiyo njia panda ya mstari mzima wa washonaji. Vipande vyote sharti vipite kwake ndipo viitwe shati. Malipo yalihesabiwa kwa mabunda ya vipande vilivyoshonwa, na mabunda yalihesabiwa kwa wiki. Mstari ukivuka lengo ifikapo Jumamosi, wote wanapata nyongeza. Usipovuka, wote wanatazamana.

Sasa walikuwa wanatazamana, na waliyemtazama zaidi alikuwa yeye. Mabunda yalirundikana kushoto kwake mpaka yakamficha asionekane na jirani. Si kwamba alikuwa goigoi. Alishona kama anavyoshona mwanamke yeyote mzima wa afya, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Msimamizi wao, waliyemwita Bado kwa kuwa ukimwomba ruhusa, feni au mshahara jibu lake lilikuwa hilohilo, alisimama nyuma ya kiti chake akiwa ameweka mikono mfukoni.

"Mama Kola, naona leo umekuja kututembelea."

"Nafanya kazi, bwana."

"Unaifanya, au unaisindikiza?"

Wanawake walicheka. Kisha wakakumbuka kwamba fedha iliyokuwa inachekwa ni yao, kicheko kikafa. Bado akaendelea bila kupandisha sauti. Agizo la sare za shule lilikuwa limeingia, akasema, na shule hazingoji mtu. Kola zikiendelea kulala, atampeleka meza ya nyuzi. Kila mtu aliijua meza ya nyuzi. Walikaa hapo mabibi vizee na wale ambao macho yao yamekwisha, wakikata ncha za nyuzi zilizobaki kwenye mashati yaliyokamilika, kwa ujira wa siku unaotosha chumvi na kiberiti. Na kila asubuhi wasichana walijipanga getini wakiomba kiti cha yeyote atakayedondoka.

Wakati wa chakula, shoga yake wa miaka mingi, mshona mikono wa meza ya pili, alimvuta pembeni. Alimgawia nusu ya muhogo wake kwanza, kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

"Shoga, kama ni mimba, sema. Angalau tujue tunasubiri nini."

"Si mimba. Ni dawa."

"Dawa gani ya kumwumiza mtu hivyo?"

"Hainiumizi. Siku hizi nalala mpaka asubuhi."

Shoga alitafuna kwa muda. "Sisi ndio hatulali," akasema, "tangu ulipoanza kulala wewe."

*

Jambo ambalo Chapuchapu hakumwambia mtu, kwa kuwa alilionea haya hata yeye mwenyewe, ni kwamba alikuwa anafurahi. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alishika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Alisikiliza mvua ikianza na akaisikiliza ikiisha. Mtoto wake wa mwisho alimsimulia habari ndefu ya paka wa jirani aliyekwama juu ya tangi la maji, na mama alikaa, akasikiliza hadi paka akashuka. Mtoto alipomaliza alimtazama mama yake kwa wasiwasi, akamwuliza kama anaumwa.

Mashavu yalimjaa. Mumewe mwanzoni aliyasifia, akasema sasa akitembea naye watu watajua kwamba analisha. Sifa hizo zilidumu kadiri akiba ilivyodumu. Mageti hayakuwa na soko. Watu, alisema, wamerudi kufunga nyumba zao kwa kamba na sala. Mashine yake ya kuchomelea ilikuwa imefunikwa gunia karakanani, na yeye alikwenda kila siku kuilinda, maana mwanamume hawezi kushinda nyumbani wakati mkewe yuko kazini.

Binti mkubwa alirudi kutoka chuoni mwisho wa wiki na habari ambazo alizitandaza taratibu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Wasiolipa salio hawataingia chumba cha mtihani. Si neno, akaongeza haraka, anaweza kuahirisha mwaka, wapo wanaoahirisha. Baba yake akasema wavumilie, mama yenu sasa yuko kwenye dawa. Alilitamka neno dawa kama watu wanavyotamka gereza. Hakuna aliyemlaumu Chapuchapu. Walimpakulia chakula, wakamwambia apumzike, na kila walipomwambia apumzike alisukuma sahani pembeni.

Watoto walipokwenda kulala, mumewe alichukua kile kichupa cha dawa kilichokuwa juu ya kabati, akakitikisa karibu na sikio, akakirudisha.

"Hivi hivi vidonge, hata Jumapili unameza?"

"Kila siku."

"Mimi ningedhani ingekuwa Jumapili tu," alisema, akijaribu kucheka. "Mtu amepumzika, hana haraka. Avimeze vimpunguze mwendo siku hiyo, halafu wiki nzima awe huru."

Ulikuwa mzaha. Alipoona mkewe hacheki, alijifanya anatafuta viberiti mfukoni. Lakini mzaha ule ulikuwa umeshatoka, na ukaingia mahali palipokuwa pamelimwa tayari.

Mtu wa mshahara wa mwezi asingelifanya kosa alilolifanya Chapuchapu. Yeye alikuwa mtu wa mabunda. Tangu ujana wake alijua kwamba Jumatatu ikikuangusha, Ijumaa itakuinua, na Jumamosi Bado akihesabu hakuulizi bunda lipi lilishonwa siku gani. Anachotaka ni jumla itimie. Kwa nini mwili wake mwenyewe uwe mkali kuliko Bado? Daktari alitaka vidonge vya wiki viishe kwa wiki. Vitaisha. Hatatupa hata kimoja, hataiba hata kimoja. Atavimeza vyote siku ambayo hana kola ya kushona.

Jumapili iliyofuata, baada ya kufua, alikaa ukingoni mwa kitanda na kuvimimina kiganjani, wiki nzima. Mumewe aliingia akamkuta hivyo. Alikiangalia kiganja, akautazama uso wa mkewe, akatoka. Aliporudi alikuwa na glasi ya maji. Alisimama mpaka mkewe akanywa, akamwuliza kama yanatosha au amwongezee.

*

Haikuchukua muda mrefu, ule mwendo ukarudi. Kwanza usingizi ulikatika, kisha njaa ikaja kama mdai, kisha asubuhi moja mikono ikaamka kabla yake. Rundo la kushoto lilipungua mpaka Shoga akaonekana tena upande wa pili, akicheka kwa meno yote.

"Karibu tena duniani," Shoga alisema, na mstari mzima ukapiga meza kwa viganja.

Bado mwenyewe alimletea soda, akaifungua kwa meno yake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Mstari ulivuka lengo. Wanawake walirudi nyumbani na nyama, na katika nyumba ya vyumba viwili salio la chuo lililipwa lote. Mume aliliondoa gunia kwenye mashine ya kuchomelea, akaipangusa vumbi, akaifunika upya. Alisema chanda chema huvikwa pete. Chapuchapu akamjibu kwamba chake kimevikwa bunda, wakacheka wote, naye akanyanyuka katikati ya kicheko kwenda kusugua masufuria yaliyokwisha kusuguliwa.

Binti mkubwa ndiye aliyekuwa na masomo ya kuyaona mambo. Alirudi likizo baada ya mtihani, na siku ya Ijumaa, alipokuwa akipangusa kabati, akakishika kichupa. Akakiona kizito, ilhali vidonge vya wiki vilipaswa kuwa vimekaribia kwisha. Alimfuata mama yake uani.

"Mama, hii dawa inamezwa kila siku."

"Namaliza zote."

"Zote kwa mpigo?"

"Hesabu ni ileile, mwanangu."

Msichana alijua kwamba hesabu si ileile. Alikuwa amefundishwa, tena alikuwa amelijibu swali la namna hiyo kwenye karatasi ya mtihani, na huenda alilipatia alama. Alifungua mdomo. Mama yake alikuwa anakamua shuka kwa nguvu za watu wawili, mishipa ya shingo imesimama, jasho linamtiririka katika ubaridi wa asubuhi, naye anaimba. Mtihani ulikuwa umelipiwa kwa ile mikono. Muhula ujao ulikuwa kwenye ile mikono. Msichana aliufunga mdomo, akachukua ncha ya pili ya shuka, akamsaidia kukamua.

Kliniki nako alikwenda, maana hakuwa mtoro. Daktari alisikiliza moyo, akakunja uso, akatazama majibu ya damu mara mbili. Alimwuliza kama anameza dawa zake.

"Zote, daktari. Hakuna hata kimoja kilichobaki."

Alikifungua kichupa, akakigeuza juu chini mezani, hakikutoka kitu. Hakusema uongo. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, watoto wanalia. Daktari aliandika dozi kubwa zaidi, akamwita anayefuata. Chapuchapu alirudi nyumbani na vidonge vingi zaidi vya kumeza siku ya Jumapili.

Ndani ya kifua chake mambo yalikuwa yamebadilika. Zamani moyo ulikwenda mbio kwa mpangilio, kama cherehani. Sasa uliparaganyika: unapiga, unaruka, unasita, unajirusha kama shomoro aliyenaswa ndani ya debe. Mtoto wa mwisho alipomletea habari nyingine ya paka alimzaba kofi kabla hajafika katikati, na mtoto hakulia, aliondoka tu, kama mtu aliyeukumbuka utaratibu wa zamani. Mumewe alimsikia usiku akihema. Alijigeuzia ukutani.

*

Ilimtokea mchana wa Alhamisi, wiki ya mwisho ya lile agizo. Alikuwa anageuza ncha ya kola, kazi ambayo vidole vyake viliijua kuliko jina lake, kola ikamponyoka. Aliiokota. Ikamponyoka tena. Akautazama mkono wake wa kulia ukiwa umelala juu ya kitambaa, akauamuru, nao ukakaa kimya kama mkono wa mtu mwingine aliyeazimwa kiti. Alitaka kumwambia Shoga. Kilichotoka mdomoni kilikuwa sauti tu.

Mstari ulisimama. Wanawake wawili walikimbilia ofisini kuomba gari la kiwanda, na Bado, kwa mazoea ya miaka, kabla hajainua kichwa kujua wanaomba nini, akasema bado.

Walimbeba kwa kiti chake. Hospitali ilimtunza siku nyingi, na ulimi uliporudi kidogo, yule daktari mwenye sauti ya uchovu alikuja kukaa kitandani kwake. Alimweleza kwamba moyo ulipokosa mpangilio, damu iliganda ndani yake, donge likapanda kichwani. Mkono hautarudi kama zamani. Mguu utajikongoja. Kisha akamwuliza kuhusu vidonge, safari hii bila foleni mlangoni, na Chapuchapu akamweleza, neno kwa neno, kwa taabu, jinsi alivyokuwa akijumlisha.

Daktari aliuliza tu nyumbani kwake wako wangapi. Alipojibiwa, akasema, "Na wote hao hawakuona?"

Chapuchapu alijifanya ulimi umemshinda.

*

Aliyelipa hospitali ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mwenye duka la vyombo vya plastiki. Alilipa kwa mtaji wa duka, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo. Baada ya mgonjwa kurudishwa nyumbani na kuketishwa kwenye kiti cha dirishani, wifi alikuja na kuwaita wote sebuleni, akaomba mlango ufungwe.

Mume alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Binti mkubwa alikaa chini. Alikuwa ametoka kazini. Bado, aliyejisifia huruma yake kiwandani kote, alikuwa amempa kiti cha mama yake badala ya kuwapa wale wasichana wa getini, akisema damu ni ileile. Chuo kilikuwa kimeahirishwa, na safari hii hakuna aliyesema ni kwa mwaka mmoja. Vidole vya msichana vilikuwa vimedungwa na sindano; alivificha kwapani.

Wifi aliongea kwa muda mrefu na kwa mpangilio. Alisema hakuja kugombana. Alisema yeye ni mtu mzima, na anachokitaka ni ukweli. Mtu anapewa dawa na daktari msomi, anaambiwa kila siku, yeye anajitungia utaratibu wake kwa tamaa ya mabunda. Anawadanganya watu wa nyumbani. Anamfanya mume wake mjane angali hai, watoto yatima angali anapumua, duka la wifi yake tupu. Mume alitazama sakafu. Binti alitazama sakafu. Sakafu ile haikuwahi kutazamwa namna hiyo.

"Mimi sitaki fedha zangu," wifi alisema. "Nataka neno moja tu. Waombe radhi, yaishe, tuanze upya."

Walisubiri. Walikwisha kuzoea kumsubiri, kwani kila neno lilimchukua muda kulifikia. Chapuchapu aliwaangalia mmoja mmoja. Alimwangalia mumewe, akauona mkono ulioshika glasi Jumapili ile.

"Sikumdanganya mtu," alisema.

"Wifi yangu, hatubishani. Kumwomba mumeo radhi hakumshushi mtu."

"Alinipa maji."

Mume alinyanyua kichwa, akakishusha tena. Wifi hakuelewa, au alielewa upesi mno, akaligeuza jambo. Alinyoosha kidole kwa msichana aliyekaa chini.

"Haya, mwache huyo. Mwombe radhi mtoto. Huyu hana kosa. Umemharibia maisha."

Hapo wote walidhani atalainika. Hata yeye mwenyewe alihisi kitu kikimpanda kifuani, kikamfika kooni palepale palipopapaswa na daktari. Alimtazama binti yake, na binti yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya shuka, akamtazama. Kama mama angesema lile neno, msichana naye angepata pa kulisemea lake, na nyumba nzima ingelia, ikapangusa macho, ikapika chai, na kesho msichana angeamka kwenda kwenye meza ya kola akiwa mwepesi wa roho. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Hata kwa ulimi ule mbovu angeliweza.

"Nilipopona, mliona njaa," alisema. Alipumzika. Mate yalimtoka upande wa kulia wa mdomo, akayafuta kwa mkono wa kushoto. "Nilipougua, mlishiba. Mlijua yote."

"Tunakuomba neno moja tu," wifi alisema.

"Siombi."

"Hata mtoto wako?"

"Hata yeye," alisema Chapuchapu. "Siombi radhi."